Mstari wa HB Uliomeza Jiko la Mama Kerubo

Keki mliyonikatia siku ya kuniaga iliandikwa kwa sukari ya bluu: KWAHERI HB. Niliwaona mkinong'onezana. Dada wa mapokezi aliniuliza kwa upole kama nina shida ya damu, maana kwenye kadi yake ya kliniki Hb ndicho kipimo cha damu. Mwingine akasema hapana, HB ni ile homa ya ini, na nikaona mkono uliokuwa unanipokea sahani ukirudi taratibu mfukoni. Bosi akasema HB ni Homa Bay, nilikozaliwa. Mlinzi naye, mdomo umejaa keki, akasema HB ni penseli ya kufanyia mtihani wa darasa la nane, alinunua tatu mwaka aliofanya na bado akafeli.

Wote mlikuwa sawa isipokuwa yule wa homa ya ini. Nilitaka kueleza, lakini keki ilikwisha na ninyi mkarudi kwenye kompyuta zenu. Kwa hiyo naandika. Sitawasumbua na mambo ya vyeo, maana vyeo vyenyewe vilikuwa viwili tu, mchoraji ramani na mchoraji ramani mzee.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi za ofisi yetu hapa Kisii, juu ya duka la magodoro, nikiwa na cheti changu ndani ya bahasha na viatu vilivyoanza kunibana tangu kituo cha magari. Mlangoni alisimama Mzee Nyakundi, mchoraji mkuu, mwembamba, tai shingoni. Alikuwa Msabato wa Nyanchwa na kila asubuhi alishuka kile kilima kwa miguu, akafika ofisini bila tone la tope kwenye suruali. Mpaka leo sijui alifanyaje, kwa sababu mimi nilikaa mtaa wa tambarare na nilifika nimerukiwa mpaka magotini.

"Mkono," akasema.

Nikampa mkono wa salamu. Akaugeuza, akanidunga mgongo wa kiganja kwa ncha ya penseli.

"Umesikia?"

"Nimesikia!"

"Hiyo ni 4H. Sasa hii."

"Hii si sana."

"Hiyo ni HB. Unaitwa nani na umetoka wapi?"

"Atieno. Nimetoka Homa Bay."

Alifikiri kidogo. "Basi wewe ni HB. Si ngumu, si laini. Tutaona utaegemea wapi."

Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Jina hilo limedumu mpaka kwenye keki.

Ninyi mnaochora kwa kubofya, hebu niwaeleze. Ubavuni mwa kila penseli kuna herufi. H ni ya ugumu na B ni ya weusi, kwa Kiingereza cha waliozitengeneza. Tarakimu ikipanda upande wa H, penseli inazidi kuwa ngumu na mstari wake unakuwa mwembamba na wa kijivu. Ikipanda upande wa B, inakuwa laini, nyeusi, na inachafua kila kitu, pamoja na kola. HB iko katikati. Mzee Nyakundi alikuwa na mikebe miwili ya kakao iliyoisha. Mmoja ulikuwa wa mipaka, ndani yake 4H tupu, na aliufunga kwa kufuli ndani ya droo. Mwingine ulikuwa wa kuandikia majina ya mito na barabara, ndani yake HB, na huo mtu yeyote angeweza kuchukua. Kichongeo kilikuwa marufuku. Penseli ilichongwa kwa kisu, kisha ncha ikasuguliwa kwenye kipande cha msasa, na ukiwa unavuta mstari mrefu uliizungusha polepole kati ya vidole ili isilike upande mmoja. Miezi mitatu ya kwanza sikuchora shamba la mtu. Nilivuta mistari kwenye karatasi kuukuu na kuzungusha penseli, mpaka nikawa nazungusha hata kijiko cha uji.

Jambo lingine la mwaka huo wa kwanza nalieleza kwa aibu. Sevea wetu, yaani mpima ardhi, kijana mtanashati wa Nyamira, aliporudi kutoka mashambani aliniletea daftari lake la vipimo ili nichore. Nikafungua. Kwenye kila kona ya kila shamba alikuwa ameandika HB. HB kando ya mto, HB kwenye migomba, HB mara saba kwenye ukurasa mmoja. Nikajua ananiwaza mimi. Siku mbili nilikuja kazini nimevaa rinda langu la kanisani, na siku ya tatu nikamletea samaki wa kukaanga kutoka kwetu. Mzee Nyakundi alitutazama tukila, akaniita kando.

"HB, hiyo kwa daftari ni 'hakuna bikoni'. Anaandika hivyo mahali jiwe la mpaka limepotea."

"Nilijua," nikasema.

"Samaki ilikuwa nzuri lakini," akasema. Hakunitajia tena jambo hilo, nami nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Wasabato wasio na mdomo.

Sasa nafika kwenye kesi yenyewe. Nilikuwa na miaka mitatu kazini na kiburi cha kutosha wachoraji sita. Mzee mmoja wa Marani alikuwa amewagawia wanawe wawili shamba lake kabla ya kufariki, sevea akapima, na daftari likaja mezani kwangu. Wiki hiyo Mzee Nyakundi alikuwa kwenye makambi, ile mikutano ya Wasabato ya kila mwaka, na ufunguo wa mkebe wa 4H ulikwenda naye makambini, mfukoni mwa koti. Wenye shamba walitaka mchoro Ijumaa. Ningeweza kuwaambia wangoje Jumatatu. Badala yake nilichukua HB, tena kipande butu, nikavuta mpaka. Haukunipendeza, ulikuwa umefifia katikati. Nikaupitia mara ya pili. Kisha mara ya tatu, ung'ae. Ukawa mweusi, mzito, wa kupendeza kama nyusi za bibi harusi, na Ijumaa mchoro ukaondoka.

Mstari ule ulikuwa na unene wa milimita moja. Kwenye kipimo tulichotumia, milimita moja ya karatasi ni mita mbili unusu za shamba. Mahali pengine mita mbili unusu si kitu. Kwetu hapa, ambako watu wanalima mpaka ukingo wa lami na migomba inachungulia dirishani, hiyo ni nafasi ya kujenga nyumba na kuoa.

Miezi kadhaa ikapita. Asubuhi moja akaingia mtu mnene mwenye jasho, kofia mkononi. Alijitambulisha kama Osoro, muuza magurudumu ya lori pale Keroka.

"Madam, wewe ndio HB?"

"Ndiyo mimi."

"Aki tengeneza hiyo laini yako ya mpaka. Mama mkwe anakuja kuishi kwangu."

Nikamwambia karibu kiti, na kwamba sijaona uhusiano. Akaueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kushuka kwenye kiti changu. Mke wake alikuwa binti wa ile familia ya Marani. Mama yao, Mama Kerubo, alikuwa na jiko lake dogo la udongo nyuma ya nyumba, na paa lake lilikuwa linavuja. Karibu na jiko ulisimama mti wa ovakado unaozaa mara mbili kwa mwaka. Jiko na mti, vyote viwili, vilikuwa vimeangukia ndani ya mstari wangu.

"Ndani kabisa?" nikauliza.

"Ndani. Saa ya ovakado, kila mtu anasema laini iko ng'ambo, mti ni yake. Saa ya paa, kila mtu anasema laini iko huku, jiko ni ya mwenzake. Sasa mama amechoka kupika na mwavuli. Amefunga sanduku. Amesema mvua kubwa ikianza kabla paa haijatengenezwa, anahamia kwa binti yake. Kwangu!"

Kwa asiyejua, Wagusii wana heshima kali kati ya mtu na mama mkwe wake. Hawakai meza moja, hawapishani mlangoni, na kulala chini ya paa moja ni jambo la kukimbiwa. Tena mama mwenye wana wawili wa kiume akihamia kwa mkwe, wana hao hawataweza kuonyesha uso sokoni.

"Nyumba yangu ni vyumba viwili," Osoro akasema, karibu kulia. "Yeye akikaa sebule, mimi nitaingia kwa dirisha? Na huu mwili?"

Mimi na yeye tuliutazama mwili wake, kisha dirisha la ofisi.

Mzee Nyakundi alikuwa kwenye kona yake akisugua penseli kwenye msasa, na msasa ulikuwa umenyamaza tangu neno ovakado. Alikuja, akaomba nakala ya mchoro, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Nilitamani ngazi zote za lile jengo ziwe karibu nami, nishuke nitoroke.

"Hii si laini, HB," akasema taratibu. "Hii ni barabara ya lori."

Hakuninyanyulia sauti. Angeninyanyulia ningelala usingizi usiku huo.

Kesho yake tulikwenda Marani, yeye, mimi, daftari la sevea, tepu na mafungu mawili ya kamba. Ukoo mzima ulikuwa umejipanga kwenye majani chai. Mama Kerubo alikaa mlangoni mwa jiko juu ya sanduku lake la bati, limefungwa, na mwavuli magotini. Wanawe walisimama kila mmoja upande wake: Ombui, mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, na Mogaka, mdogo, mfanyabiashara wa ndizi. Walimwita mama yao Baba, kwa kuwa Kigusii ndivyo kinavyomwita mama, na siku yangu ya kwanza huku nilimtafuta mwanamume ambaye hakuwepo.

"Ombui," Mzee Nyakundi akaanza, "hii ovakado ni ya nani?"

"Yangu. Laini inapita kule, ng'ambo ya mti."

"Na jiko?"

"Jiko ni ya Mogaka. Laini inapita huku."

"Kwani laini ni ngapi?"

"Ni moja tu, Mzee," akasema Ombui, mwalimu wa hesabu.

Akamgeukia Mogaka, na Mogaka akajibu yale yale, ila kwa kunyoosha mikono pande za kinyume. Mzee Nyakundi akauliza vigingi vilivyoachwa na sevea viko wapi. Kila mwana akamnyooshea mwenzake kidole. Kisha Mama Kerubo akasema kutoka kwenye sanduku: "Hizo miti zilikuwa kavu sana. Zilipika githeri vizuri."

Kwenye daftari langu nikaandika HB.

Mzee Nyakundi akapima kutoka kwenye mwamba wa barabarani, akafunga kamba kwenye ukingo mmoja wa mstari wangu, na kamba nyingine kwenye ukingo wa pili, kutoka barabarani mpaka kijitoni. Hapo ndipo nilipouona kwa macho yangu. Ulikuwa ujia mpana unaokata shamba la watu, na katikati yake jiko, mama, sanduku na mti.

"HB," akasema, "lala."

"Nifanye nini?"

"Lala ndani ya laini yako. Kichwa kwa kamba hii, miguu kwa ile."

Nilikuwa na sketi ya kijivu na blauzi nyeupe. Nikalala. Kichwa kilikuwa kwenye kamba ya Ombui, na miguu haikufika kwa Mogaka. Nikajinyoosha. Haikufika. Mtoto mmoja akaambiwa aje alale kuanzia penye visigino vyangu, naye akaenea. Ukoo mzima ulicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka, na sauti ya Mama Kerubo ikawa juu ya zote:

"Huyu msichana ametoka mbali yote hiyo, Homa Bay, kuja kulala kwa shamba yangu?"

Niliona haya ambazo sijaziona tena maishani. Lakini nikiwa pale chini, majani ya ovakado juu yangu, niligeuza uso na kuona mle jikoni. Mafiga yalikuwa yamelowa. Kuni zilikuwa zimefunikwa kwa gunia la plastiki, na yeye mwenyewe alikuwa na kikohozi. Nilikuwa nimecheka moyoni jana yake Osoro aliposema mwavuli. Sasa sikuona kichekesho, niliona tu kwamba penseli yangu butu ilikuwa inamnyeshea mama wa watu.

Tulikaa pale pale kwenye sanduku lake, alikubali kusogea, na Mzee Nyakundi akanipa 4H kutoka mfukoni. Yake mwenyewe, si ya mkebe. Akanisomea vipimo kutoka kwenye daftari la sevea nami nikachora upya, nikizungusha penseli kati ya vidole, na ukoo mzima ukinipumulia shingoni. Mstari ukatoka mwembamba hata Ombui akavaa miwani. Kisha tukaupeleka shambani kwa kamba moja.

Mti ukawa wa Ombui, kwa hatua moja. Mogaka alitaka kulalamika, lakini matawi yote mazuri yaliinamia kwake na alikuwa na akili ya kunyamaza. Kamba ikaendelea, ikafika jikoni, ikaingia kwa mlango, ikapita katikati ya mafiga na kutokea ukutani. Figa moja kwa Ombui, moja kwa Mogaka, na la tatu juu ya kamba.

"Hiyo ya tatu ni yangu," Mama Kerubo akasema. "Sasa kila mtu afunike jiwe yake."

Wakafunika. Aibu ya watu kutazama ni kitu kizuri sana kikitumika mapema. Ombui alinunua mabati mapya siku hiyo hiyo, na Mogaka akang'oa ya zizi la ng'ombe, na kabla ya Sabato jiko lilikuwa na paa. Ila mjue walivyoezeka. Kila fundi anajua bati moja hulalia jingine ili maji yasipite. Hawa hawakukubali. Bati la Ombui likilalia la Mogaka limeingia shamba la Mogaka, na la Mogaka likilalia la Ombui ni kesi. Kwa hiyo kila mmoja alikata bati lake pale pale penye kamba. Katikati ya paa ukabaki ufa, mnyoofu, kutoka ukuta hadi ukuta.

Tuliporudi kukagua, Mzee Nyakundi alisimama chini yake akautazama.

"Hiyo sasa," akasema, "ndio 4H."

Mama Kerubo alifungua sanduku. Osoro alituletea kuku wawili ofisini na hakutaka hata kukaa, alikuwa na haraka ya kwenda kulala nyumbani kwake. Nami sikuchora tena mpaka kwa HB hadi penseli zenyewe zilipoondolewa mezani.

Miaka mingi baadaye Mzee Nyakundi alilazwa. Nilimkuta amekaa kitandani na tai shingoni, juu ya nguo za hospitali. Daktari alikuwa ameandika kwenye karatasi yake kwamba Hb iko chini.

"Nilikuambia tangu mwanzo," akaninong'oneza. "Hiyo HB haiaminiki."

Akaongezewa damu, akarudi Nyanchwa, akaendelea kushuka kilima bila tope kwa miaka mingine kabla hajatuacha. Nilimpenda mzee yule kama baba yangu na sikumwambia hata siku moja. Tulizungumza penseli. Ile 4H ya Marani ninayo, imebaki kama urefu wa kidole gumba, na yeyote kati yenu akitaka kuiazima nitamdunga mkono.

Kisha zikaja kompyuta. Sina ugomvi nazo. Mstari wenu hauna unene kabisa, mkiukuza mpaka mwisho wa dunia unabaki mwembamba, na nawaonea wivu. Ila hakuna atakayewahi kuwaambia mlale ndani yake, na hilo nawahurumia.

Wiki iliyopita, siku yangu ya pili ya kustaafu, sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaenda Marani. Mama Kerubo yupo. Amezeeka sana, macho yamefifia, lakini alinijua kwa sauti.

"Yule wa kulala," akasema. "Ingia."

Nikaingia jikoni. Mafiga yale yale. Nikatazama juu na kuona ufa ule ule, mnyoofu, na chini yake, juu ya mpaka kamili, sufuria ya kukinga maji. Nikashangaa. Ombui amestaafu ualimu, Mogaka ana gari la ndizi, na kipande cha bati si kitu kwao.

"Mama, miaka yote hii hawajaziba hapo?"

"Wamekuja na fundi mara ngapi! Mimi ndio nafukuza." Alicheka kidogo. "Mvua ikianza, Ombui anakimbia kuona kama maji imeanguka kwa Mogaka. Mogaka anakimbia kuona kama imeanguka kwa Ombui. Na hapa kwetu mvua ni karibu kila siku, saa nane. Mimi nikiziba, nani atakuja?"

Nilitazama saa. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano, na mawingu yalikuwa yameshika kilima. Mama Kerubo alinyoosha mkono bila kuangalia, akatoa vikombe kutoka kwenye ndoo, akaviweka chini kimoja kimoja: kimoja kando ya figa la Ombui, kimoja kando ya figa la Mogaka, na kimoja akanipa. Chai ilikuwa tayari motoni kabla tone la kwanza halijaanguka.